Bendera ya chama kwenye pikipiki imekuwa kibali cha kuvunja sheria za barabarani, na sisi tunaangalia tu

Wakuu,

Nina hasira na sitaificha. Nina pikipiki nilizowapa vijana kwa mkataba, wanaleta hesabu kila wiki mpaka deni liishe na chombo kiwe chao. Juzi mmoja wao amesimamishwa na trafiki kwenye kona ya kuingilia sokoni. Taa ya nyuma haiwaki. Kosa ni kosa na hapo sibishani, maana taa hiyo ndiyo inayomwokoa usiku asifuatwe na lori mgongoni. Kaandikiwa faini yake, shilingi 10,000. Mnakumbuka faini ya bodaboda na bajaji ilishushwa kutoka 30,000 kwenye bajeti ya 2021/22. Atalipa.

Kinachoniumiza ni kilichotokea wakati anaandikiwa. Ukapita msafara wa pikipiki unaomsindikiza mgombea udiwani. Mishikaki, watatu watatu, wengine wanne. Helmeti hakuna. Kuna waliosimama wima juu ya siti huku chombo kinatembea. Wamejaa barabara nzima, kushoto na kulia, magari yanayotoka mbele yanakimbilia mtaroni. Namba za usajili zimefunikwa na bendera. Na yule afande aliyekuwa na kalamu mkononi akaacha kuandika, akaingia katikati ya barabara, akasimamisha daladala ili wao wapite.

Dogo akauliza kwa adabu: "Afande, na hao je?"

Akajibiwa: "Hao wako kwenye shughuli. Wewe vua kwanza hiyo skafu yako ndiyo uongee na mimi."

Dogo alikuwa amevaa skafu ya chama kingine.

Sitaji chama, sitaji kituo, sitaji mkoa. Kila anayesoma hapa anajua kwao ikoje msimu wa kampeni ukifika. Na msianze kuniambia mimi ni wa upande gani. Chama chochote kitakachopitisha vijana wetu barabarani bila helmeti kwa malipo ya lita mbili za mafuta na fulana, nitakisema hivi hivi. Nendeni MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili mkaone vijana waliolala na vyuma miguuni, halafu mniambie ni nani kati yao ambaye lami ilimwonea huruma kwa sababu ya rangi ya fulana aliyovaa.

Sasa tuongee sheria, maana wengi tunadhani hili ni suala la ubinadamu wa askari tu. Ibara ya 13 ya Katiba yetu ya Tanzania inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Hiyo tunaijua, tunaiimba. Lakini someni mpaka ibara ndogo ya 5, pale wanapoeleza kubagua ni kitu gani. Wametaja kabila, pahala mtu alipotoka, rangi, dini, jinsia, hali ya maisha, na wametaja MAONI YA KISIASA. Yaani maoni ya dogo kuhusu nani aongoze kata yake yanalindwa na mstari ule ule unaolinda msikiti wako na kanisa lako. Ibara ya 18 inampa uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza. Skafu ni maoni. Hakuna mahali Sheria ya Usalama Barabarani inaposema skafu ni kosa.

Na kuna Ibara ya 147, ambayo sijui kwa nini haibandikwi ukutani kwenye kila kituo cha polisi. Inakataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, na ikieleza mwanajeshi ni nani inawataja polisi kwa jina, pamoja na Jeshi la Ulinzi, Magereza na JKT. Askari anayo haki ya kupiga kura, na hapo ndipo siasa yake inapoishia. Akiwa ndani ya sare barabarani hana chama. Sasa huyu anayemwamuru raia avue skafu, halafu anawafungulia njia wenye bendera nyingine, anafanya kazi ya nani?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hili tunaliweza. Kwenye dini tumeliweza miaka yote. Panda daladala yoyote, kioo cha mbele kimeandikwa Mashallah, au Yesu ni Bwana, au Mungu Mkubwa. Dereva Muislamu, konda Mkristo, Ramadhani wanasubiriana futari, Krismasi wanashinda wote. Umewahi kusikia trafiki anamwambia dereva abandue Mashallah ndiyo amsikilize? Akijaribu, abiria wote watashuka wamzunguke. Dini ya mtu tunaiona ni kitu kizito, cha kuheshimiwa. Maoni yake ya siasa tunayaona uhuni, kitu cha kuvuliwa mlangoni kama kandambili. Vyama vingi vimerudi tangu 1992! Kijana wa bodaboda amezaliwa humo humo, hajui kingine, na bado anaambiwa skafu yake ni utovu wa adabu.

Najua kuna atakayesema hata nchi nyingine watu wanasamehewa sheria za barabarani kwa sababu ya imani. Ni kweli, na mfano ninao. Uingereza walilazimisha helmeti kwa waendesha pikipiki mwaka 1973. Masingasinga wakalalamika kwamba kilemba ni sehemu ya dini yao na helmeti haiingii juu yake. Mwaka 1976 Bunge la kule likapitisha sheria kwamba Singasinga aliyevaa kilemba hatalazimishwa helmeti. Unaweza kuupenda msamaha ule au kuupinga, ila tazama ulivyopatikana: ulijadiliwa bungeni hadharani, ukaandikwa, ukatajwa ni wa nani na kwa sababu gani. Askari wa kule hana haja ya kukisia. Huku kwetu msamaha wa bendera uliandikwa wapi? Nani aliupigia kura? Haupo. Upo kwenye kichwa cha afande na kwenye woga wake wa simu itakayopigwa jioni.

Maana tuseme ukweli, wengine wanaogopa. Afande naye ana mkubwa, na mkubwa ana mkubwa. Namwelewa, ila simwachii.

Na sisi wenyewe tumo. Baada ya tukio, mwenyekiti wa kijiwe kamwita dogo, kamwambia achague: avae fulana wanazovaa wenzake siku za msafara au atafute kijiwe kingine, asiwaletee matatizo. Mwenyekiti wa kijiwe! Mtu aliyechaguliwa kupanga foleni ya abiria! Ibara ya 20 inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote. Kumtishia mtu riziki yake ili avae fulana ni kulazimisha, hata kama hujamshika shingo. Wenzake wote kijiweni wamekaa kimya, na wengine kati yao najua kabisa wana mawazo kama yake.

"Nendeni mahakamani." Nimeshaambiwa hivyo. Ibara ya 30 kweli inamruhusu anayeona haki yake imevunjwa kwenda Mahakama Kuu. Lakini mabadiliko ya sheria ya 2020 yaliweka sharti kwamba anayefungua shauri la haki za msingi aambatanishe kiapo kinachoonyesha yeye binafsi ameathirika vipi. Hata sharti hilo likiwekwa kando, mwenye kidonda ni dogo; ni yeye atakayesimama dhidi ya serikali, huku anadaiwa hesabu ya wiki. Wakili wa kumlipa hana. Siku atakazoshinda mahakamani hapati hata hela ya kula. Na jioni anarudi kwenye kijiwe kile kile.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Wanasheria mliomo humu, elezeni hapa kwa lugha nyepesi: lalamiko dhidi ya askari aliyemwamuru mtu avue alama ya chama linapelekwa kwa nani hasa, na linaandikwaje ili lisiishie kwenye droo ya bosi wake? Na ninyi wenye pikipiki za mkataba kama mimi, siku ya msafara kataeni chombo chako kitoke bila helmeti na namba ikiwa imefunikwa, chama chochote kije na mafuta kiasi gani. Chombo kikianguka ni chako, na aliyekuwa juu yake ana mama yake.

Dogo nimemwambia skafu avae. Hesabu ya wiki hii nimemwachia, atengeneze taa.