Tulioacha soda nyumbani, mmeona nini kwa watoto na kwenu wenyewe? Tupeane uzoefu

Mama Wawili, Tabata
Wazazi wenzangu, habari za jioni. Wanangu wana miaka 9 na 6. Soda ilikuwa ya kila siku: wakitoka shule wanapitia dukani, chupa ya plastiki ya nusu lita wanagawana njiani. Siku moja nikaigeuza nikasoma lebo: sukari gramu 10.6 kwa mililita 100. Chupa nzima gramu 53! Nikaleta kopo la sukari na kisahani, nikachota mbele yao, vijiko vya chai kumi na tatu. Mdogo akauliza, "Mama, yote hii imo humu?" Huu ni mwezi wa nne tangu siku ile, soda hainunuliwi tena.

Wiki ya kwanza ilikuwa vilio. Lakini nilichokuja kukiona sikukitegemea kabisa: wanakula. Zamani nilikuwa nawabembeleza tonge kwa tonge, nikidhani ni minyoo, nikawapa dawa mara mbili. Kumbe walikuwa wanafika mezani wameshashiba sukari. Sasa saa kumi na mbili wako mlangoni mwa jikoni, "Mama, ugali bado?" Maharage wanakomba mpaka bakuli linang'aa. Nyie mmeona nini?

Baba Mlezi, Morogoro
Kwetu ni meno. Mwanangu aling'olewa magego mawili ya utoto akiwa na miaka 6. Daktari akanieleza kwamba ubaya mkubwa ni kunywa kidogo kidogo: kila funda bakteria wa mdomoni wanapata sukari na kutengeneza asidi, na soda yenyewe tayari ni asidi. Wangu alikuwa anazunguka na chupa mchana kutwa. Mwaka na nusu sasa hatujapata tundu jipya. Zile usiku za kulia na karafuu jinoni sizitamani hata kwa adui.

Mimi mwenyewe nilikuwa mtu wa kola mbili kwa siku. Siku tatu za mwanzo kichwa kiliniuma sana, kwa sababu kola ina kafeini na mwili ulishaizoea. Ukipatwa na hali hiyo usirudi nyuma, kinapita.

Mama Pacha, Mombasa
Usingizi! Kola ilikuwa ya chakula cha usiku. Saa tano watoto bado wanaruka kitandani. Siku hizi saa tatu kimya.
Swali: juisi ya boksi nayo je? Nimewahamishia huko.

Mama Wawili, Tabata
Dada yangu, hapo ndipo nilipoteleza hata mimi. Shirika la Afya Duniani linahesabu sukari ya juisi sawa na ya soda, hata ukikamua mwenyewe. Mwongozo wao wa 2015 unataka sukari hizo zisifike asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana zisifike 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Wape chungwa walimenye.

Bibi wa Wajukuu, Tanga
Wanangu, mimi nimerudisha mtungi. Nauweka kivulini, kata juu yake. Maji yanapoa yenyewe. Wajukuu wakitoka kucheza wanakimbilia pale kabla hata ya kunisalimia, na mdogo anasema maji ya bibi yananukia mvua.

Mama Pacha, Mombasa
Shikamoo bibi. Mtungi mpya unauandaaje usivuje?