Kodi ya miezi sita kwa mkupuo Dodoma: je, sheria iingilie kati?

Ndugu zangu, hoja kwamba kodi za nyumba Dodoma ziachiwe soko peke yake naipinga, ingawa si yote. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huku, vyumba vimekuwa vikigombewa na watumishi, wanafunzi wa vyuo na wafanyabiashara waliowafuata, na palipo na wahitaji wengi kuliko nyumba, kodi haiwezi kubaki pale pale. Hilo silibishii.

Ninalolipinga ni namna kodi inavyodaiwa. Tuseme chumba na sebule ni shilingi 120,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, yaani 720,000, na dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja, hivyo mpangaji awe na 840,000 mkononi kabla hajanunua hata umeme wa LUKU. Mshahara wake hulipwa mwisho wa mwezi, na hakuna mwajiri anayemtangulizia wa nusu mwaka. Ndiyo maana watu hukopa ili wapange, na deni linapokaribia kuisha mkataba nao umekwisha, kodi imeongezwa, wanakopa tena.

Wenye nyumba wana hoja nzito, na ni haki kuitaja. Wengi hawakujenga kwa mkopo wa benki. Walijenga kidogo kidogo, msingi mwaka huu, kuta mwaka unaofuata, na fedha hiyo ya mkupuo ndiyo inayopaua na kupiga lipu chumba kingine. Wanaogopa pia mpangaji atakayekaa bila kulipa. Hofu hiyo ingetulizwa na dhamana ya mwezi mmoja, inayorejeshwa mpangaji akiondoka bila deni wala uharibifu.

Tulikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, ambayo ilifutwa mwaka 2005. Siombi irudi, kwa sababu kodi inayopangwa ofisini itawakatisha tamaa wanaojenga, nasi tunazihitaji nyumba zao. Naomba jambo dogo zaidi: kodi isidaiwe zaidi ya miezi miwili mbele, mkataba uwe wa maandishi, na anayetaka kuongeza kodi atoe taarifa miezi mitatu kabla. Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya wilaya yapo, lakini bila kifungu cha namna hiyo mpangaji ataenda kudai nini huko?

Mnaotetea mkupuo, nielezeni: mwalimu aliyeripoti kazini wiki hii aipate wapi hiyo 840,000?