Mpangilio mpya wa SAP umerudi kuwa wa zamani baada ya kuingiza kifurushi kingine: sababu ni nini?

Mratibu_Malindi (Unguja)

Assalamu alaykum ndugu zangu. Ninaratibu mabadiliko ya mipangilio katika SAP, programu ya kuendesha hesabu na shughuli, ya kampuni ya usambazaji wa vyakula hapa Unguja, yenye ghala Wete. Mifumo yetu ni mitatu: wa kutengenezea, wa majaribio na wa kazi. Mwezi uliopita tuligusa mara mbili sharti moja la malipo, lile la wateja wetu wenye maduka Pemba. Kwanza tulibadilisha tarehe ya kuanzia kuhesabu, muda ukabaki siku 14. Baadaye, kwa kuwa mzigo hukaa bandarini Malindi ukisubiri meli huku siku za mteja zinakwenda, muda ukaongezwa hadi siku 21. Vifurushi vinavyobeba mabadiliko hayo kutoka mfumo mmoja hadi mwingine viliachiwa (yaani vilikamilishwa tayari kusafirishwa) kwa mfuatano huo huo. Cha siku 21 kilikuwa cha haraka, kwa hiyo kikaingizwa peke yake kwenye mfumo wa kazi, na ankara zikatoka sawa. Kile cha kwanza kilisubiri idhini hadi wiki iliyofuata, kikaingia kwa msimbo 0, bila onyo hata moja, na kesho yake asubuhi ankara zilizochapishwa Wete zikasoma siku 14.

Ninaomba kufahamishwa mambo mawili. Je, kifurushi chenye namba ndogo kinaweza kufuta kazi ya chenye namba kubwa? Na je, ni salama kufungua klaienti (eneo la data) ya mfumo wa kazi kwa SCC4, skrini ya kuruhusu mabadiliko ya moja kwa moja, na kusahihisha kwa mkono, kama inavyopendekezwa na wakuu wangu?

FundiMfumo_Chake

Wa alaykum salaam, ndugu Mratibu. Kinaweza, na ndicho kilichotokea. Namba ya kifurushi haina nguvu yoyote wakati wa kuingiza: kinachoingia mwisho ndicho kinachobaki.

Inafaa kuelewa kilichomo ndani ya kifurushi cha mipangilio. Unapohifadhi badiliko kwenye mfumo wa kutengenezea, kinachoandikwa katika kifurushi ni ufunguo wa mstari tu, yaani jina la jedwali, ambalo kwa masharti ya malipo ni T052, na sharti linalohusika. Thamani zenyewe huchukuliwa pale kifurushi kinapoachiwa, na huchukuliwa za mstari mzima, si ile sehemu uliyoigusa peke yake. Kifurushi chenu cha kwanza kiliachiwa wakati mstari bado unasema siku 14, kwa hiyo kiliibeba 14 hiyo pamoja na tarehe mpya, kikakaa nayo kwenye foleni, na kilipoingizwa kikaushusha mstari wote juu ya ule wa siku 21. Msimbo 0 unathibitisha kwamba data imeandikwa bila hitilafu, wala hauthibitishi kwamba ni data mliyoikusudia.

Hatari hii iko zaidi kwenye mipangilio kuliko kwenye programu. Programu ikishaingia katika kifurushi cha mtu hufungwa, na mwingine hawezi kuibadilisha hadi kifurushi kiachiwe. Mistari ya mipangilio haifungwi hivyo, kwa hiyo watu wawili wanaweza kuushika mstari mmoja katika vifurushi viwili na mfumo usiseme neno.

Mhasibu_wa_Mifumo

Naongezea upande wa hesabu, na nawasihi sana msifungue SCC4. Mkisahihisha kwa mkono, mfumo wa kazi utakuwa na thamani ambayo haikupitia majaribio, na wakaguzi watauliza nani aliidhinisha. Njia safi ni kuhakikisha kwamba mstari wa mfumo wa kutengenezea una thamani zote mbili sahihi, kuuweka katika kifurushi kipya, kukijaribu na kukiingiza.

Jambo linalosahaulika ni kwamba ankara zilizokwisha kuingia vitabuni zina nakala yake ya sharti. Kusahihisha jedwali hakuzigusi. Zitafuteni kupitia FBL5N, orodha ya ankara za wateja, mzirekebishe huko kwa idhini ya mkuu wa fedha kabla barua za kudai hazijaenda kwa wateja ambao hawana kosa lolote.

Kwa siku zijazo, mimi ningepiga marufuku kabisa kuingiza kifurushi kimoja kimoja. Foleni iingizwe yote kwa mfuatano wake.

FundiMfumo_Chake

Kuhusu hilo la mwisho sikubaliani nawe, ndugu yangu. Kufunga hesabu za mwezi hakusubiri kifurushi cha mtu mwingine ambacho bado hakijaidhinishwa. STMS yenyewe, zana ya kuingizia vifurushi, inayo njia: unapoingiza kifurushi kimoja, chagua kibaki kwenye foleni ili kiingizwe tena baadaye. Foleni ikija kuingizwa yote, kitapita mara ya pili katika nafasi yake halali, baada ya kile kilichotangulia kuachiwa, na thamani ya mwisho itakuwa sahihi. Kwa ndugu Mratibu, siku 21 zingerudi zenyewe.

Pamoja na hayo, kabla ya kuruhusu kifurushi chochote kiruke foleni, fungueni SE03, zana ya kutafuta ndani ya vifurushi, na mtafute ni vifurushi gani vingine vina ufunguo ule ule. Ni kazi ya dakika chache. Mkikuta kimoja kimesimama mbele yake, wahusika wa vifurushi vyote viwili wakae pamoja kwanza.

Mratibu_Malindi (Unguja)

Nashukuru sana, Mwenyezi Mungu awazidishie. Nimetafuta kwa SE03 kama ulivyoelekeza, nikaona kwamba kuna kifurushi cha tatu chenye sharti lile lile, bado hakijaachiwa, kiko mikononi mwa mshauri wetu wa Dar es Salaam. Kifurushi kipya hatutakiachia mpaka nipate maelezo yake kwa maandishi kuhusu alichokibadilisha, maana thamani yake ambayo haijakamilika huenda tayari imo ndani ya mstari tunaotaka kuusafirisha. Suala la SCC4 limekwisha, wakuu wameridhika. Ankara za Wete zinapitiwa leo na idara ya fedha.