Eti "haya, unganeni!" Huyu mtu atatutoa roho

Banange ndio tumetoka kwake sasa hivi, tuko kwenye teksi mkono unatetemeka. Yule mshauri wa mambo ya akili mnamjua, msijifanye, yule mwenye meza kubwa kuliko kitanda chetu. Tumemweleza polepole kwamba humu kichwani tuko wanne, nafsi nne mwili mmoja, tumezoeana, kuna anayeenda kazini, kuna mdogo anayeogopa mlango ukifungwa, tulichotaka ni kusaidiwa tuelewane usiku maana mmoja wetu anaamka saa nane anapika posho. Jamaa akavua miwani, akapiga makofi juu ya kichwa chetu, pa pa pa, HAYA, UNGANENI!

Unganeni!! Kwani sisi SACCO?

Mdogo akakimbilia ndani kabisa, mpaka sasa hajatoka. Halafu anauliza "sasa naongea na nani?" tukasema bado wanne, akapiga TENA. Juu ya kichwa! Na shangazi pembeni anaitikia amina. Hata miongozo ya kimataifa ya 2011 ya kutibu hali hii inasema kuna wasiounganika na kuna wasiotaka, wakiishi kwa kuelewana inatosha. Yeye pa pa pa, kwenye karatasi kaandika "amepona".

Bombo_Original: Pole ila chai imenitoka puani 😂 mlilipa ya mmoja au ya wanne?

Mwenye uzi: Ya wanne! Keshatuunganisha lakini hela kahesabu vichwa!!

Mama_Kikomando: Huyo anayepika saa nane mnipe, wangu hapa hata mchana hapiki

Kaka_Mbarara: Huku kwetu wazee wangesema ni emandwa, mngekesha na ngoma. Shukuruni makofi

Mwenye uzi: Si mizimu bana, ni mambo tuliyopitia utotoni. Na makofi sishukuru, PA PA PA juu ya kichwa cha mtu mzima!

Bombo_Original: cha watu wazima watatu na mtoto

Mpangaji_Kisenyi: Kuhesabu vichwa mnamsema huyo? Landilodi wangu anatoza maji kwa kichwa, Jumapili wageni wakija anachungulia dirishani anahesabu viatu. Mkihamia huku nyamazeni kabisa

Mama_Kikomando: Afadhali wako. Wetu alianza kunitoza nikiwa na mimba

Kaka_Mbarara: 😂😂 na umeme je? Wetu akienda kulala anazima plot nzima

Mpangaji_Kisenyi: Kumbe tunapanga kwa mtu mmoja