GeneXpert imesema hakuna TB, mbona bado tunapewa dawa za TB? Tujadili

Wasee, hii imenikaa rohoni. Kaka yangu anauza miche ya maua kando ya Ngong Road, kutwa anachanganya mbolea na majani yaliyooza kwa mikono, vumbi lote linaingia puani. Akaanza kukohoa, GeneXpert, kile kipimo cha makohozi, ikasema hana TB, wakaangalia eksirei wakampa dawa za TB hivyo hivyo, akamaliza miezi sita na bado homa ya usiku na makohozi yenye damu. Huku ploti washaamua ni ukimwi, na amepimwa hana.

Daktari wa kifua ndiye alimuuliza mama kama huyu utotoni alikuwa anatoka majipu. Mama akasema hata tezi za kwapa zilivimba zikapasuka baada ya ile chanjo ya BCG. Kumbe ana CGD, ugonjwa wa kinga ya mwili wa kuzaliwa nao. Chembe nyeupe za damu zinameza fangasi vizuri tu lakini haziwezi kutengeneza kemikali ya kuiua, ni kama soja wa geti ameshika mwizi na hana rungu. Kwenye mapafu alikuwa na aspagilasi, fangasi inayoota kwenye majani yaliyooza.

Msimamo wangu: GeneXpert ikikataa na dawa za TB zisilete nafuu, mtu apimwe fangasi na SHA, bima ya afya ya serikali, ilipe. Asirudishiwe raundi ya pili kwa kubahatisha.

Nesi wa Eastlands: Pole kwa mgonjwa, dada. Lakini tusidanganyane, hapa TB ndiyo iko kila mlango na GeneXpert huwa inakosa wengine, tukingoja uhakika tutazika watu. CGD Marekani wanakadiria ni kama mtoto 1 kwa 200,000. Hiyo pesa mnaitoa wapi na mimi wodi yangu glavu zinaisha?

Mwenye mada: Sijasema kila anayekohoa apimwe CGD jamani. Nasema fangasi. Hata waliopona TB wakabaki na mashimo kwenye mapafu hushikwa na aspagilasi hiyo hiyo, na hao si wachache Nairobi. WHO yenyewe 2022 iliiweka kwenye kundi la fangasi za hatari zaidi. Halafu hakuna anayetaja rifampisini, ile ya TB, inashusha sana dawa za fangasi, itrakonazoli na vorikonazoli, kwenye damu, kwa hivyo ukimpa zote ukisema moja itashika, ya fangasi unaimaliza nguvu mwenyewe.

Jamaa wa maabara: Hapo kwa rifampisini umenena. Ila kusema tu "apimwe fangasi" ni rahisi mdomoni, kile kipimo cha damu cha galaktomanani, cha kutafuta aspagilasi, kwa watu wa CGD mara nyingi kinasema hakuna kitu na mapafu yanaoza. Unahitaji CT, pengine waingize kamera wachukue maji ya mapafu, na hiyo ndiyo bili yenyewe. Kwa CGD kuna kipimo cha damu cha DHR, kinaangalia kama chembe nyeupe zinatengeneza ile kemikali, mashine yake ni ya aina ya zile za kuhesabu CD4 ingawa si zote zinafaa, na damu haitaki kulala njiani siku nyingi. Mimi ningeanza na kufundisha makliniki ofisa kuuliza habari za majipu na BCG, hiyo ni bure.

Nesi wa Eastlands: Hapo kwa kuuliza nakubali. Na miche je, bado anauza?

Mwenye mada: Amebaki na vyungu, mbolea anachanganya kijana mwingine. Itrakonazoli ni kila siku na tunalipa mfukoni. Kuna mtu hapa SHA imemlipia hiyo dawa? Aliandikiwa wapi?