MJADALA: Ukishavaa uhusika kwenye gemu, una haki ya kurudi kwenye sevu (pale ulipohifadhi mchezo) mambo yakiharibika?

Mtoa mada:
Wakuu, nazungumzia zile gemu unazojiundia mtu mwenyewe: jina, sura, tabia. Ukishacheza kwa muda wa saa kumi mtu huyo hayupo tena, umebaki wewe na tamaa yako.

Kwenye Skyrim nilianza na mpiga shoka anayechukia wachawi, maana kwenye hadithi niliyomtungia, mchawi alimuua kaka yake. Wiki mbili baadaye alikuwa mkuu wa chuo cha wachawi cha Winterhold. Kulikuwa na misheni, kulikuwa na zawadi, nikaifuata. Gemu yenyewe haikuguna.

Najua mtasema lawama ni za watengenezaji. Kweli, Morrowind ya 2002, gemu ya awali ya mfululizo huohuo wa Skyrim, ilikunyima cheo ndani ya chama mpaka ujuzi wako ufikie kiwango, na zile Nyumba Kuu tatu, yaani koo zenye madaraka, ilibidi uchague moja. Skyrim ya 2011 ikalegeza. Ila mimi nailaumu zaidi sevu. Kwenye Baldur's Gate 3 nilikuwa na paladini, yaani shujaa aliyekula kiapo, asiyesema uongo. Nikajaribu kumshawishi mlinzi kwa ukweli, dadu ya gemu inayoamua kama umefaulu ikatoa 4. Nikaloadi, yaani nikarudi kwenye sevu. Ikatoa 7. Nikaloadi tena. Mara ya sita nikaona aibu, na nilikuwa peke yangu chumbani! Huko si kuigiza, ni kusahihisha mtihani wako mwenyewe.

Msimamo wangu: mhusika ni yale anayoyapoteza. Kama hapotezi kitu, ni nguo tu.

Mchangiaji wa 2:
Mkuu, una muda. Mimi napata muda wa saa moja tu kila usiku, siwezi kuimaliza nikiomboleza paladini. Halafu unamuigizia nani? Mezani, kwenye Dungeons & Dragons tangu 1974, kuna mwendesha mchezo na wenzako; ukisema neno la ajabu wanacheka, hadithi inageuka. Kompyuta haijui kama umetunga kaka aliyeuawa. Unauigizia ukuta.

Mchangiaji wa 3:
Si gemu zote ni ukuta. Kingdom Come: Deliverance (2018), Henry ni mtoto wa mhunzi, hajui kusoma. Nilifungua kitabu nikakuta herufi zimevurugwa, nikadhani gemu imeharibika. Kumbe mpaka umtafute mwandishi akufundishe. Pale sikuhitaji nidhamu yoyote, ujinga wa Henry ulikuwa wangu. Na kusevu penyewe unapotaka kunahitaji kinywaji maalumu, kwa hiyo unafikiri mara mbili kabla ya kuiba.

Mchangiaji wa 2:
Sawa, lakini Henry ameshaandikwa. Hukumtunga wewe.

Mtoa mada:
Hoja ya ukuta imenigusa, sikatai. Ila kuna Ultima IV ya 1985: muuza viungo vya uchawi ni kipofu, na wewe ndiye unayeandika kiasi unacholipa. Ukipunja, hakuna anayekupigia kelele, mzigo unapewa. Gemu inakuhesabia kimyakimya tu. Mchezaji asiyejua hilo akalipa bei kamili, alikuwa anamuigizia nani?

Kuhusu muda nakubali. Gemu ikikwama au ukibonyeza kitufe kwa bahati mbaya, rudi. Nisichokubali ni kurudi kwa sababu mtu wako ameaibika.

Nimemuanza upya yule mpiga shoka. Kasheshe ni kwamba hadithi kuu yenyewe inakuelekeza chuoni Winterhold kuulizia gombo la kale. Mlinzi wa darajani, Faralda, akataka nimuonyeshe uchawi. Nikampigia sauti ya joka (nguvu anayozaliwa nayo shujaa wa Skyrim) badala yake, akaniruhusu. Nikauliza maktaba, nikatoka bila kuchukua somo hata moja wala kugusa kitanda walichonipa. Je, hapo mtu wangu bado ni yuleyule, au nimeshamuuza?