Tupeane uzoefu: Karate, judo, taekwondo na ndugu zao, ilikuchukua muda gani hadi ukaiva?

Mkanda wa Kijani

Wakuu, salaam. Nina miaka 34, nacheza karate ya Goju-ryu hapa Dar, na mwezi uliopita nimetimiza miaka mitatu. Mkanda wa kijani. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi sikosi, labda pawe na msiba au harusi.

Jumamosi iliyopita dogo mmoja wa ngumi kutoka Manzese alikuja dojo, yaani ukumbi wetu wa mazoezi. Ana miezi minane tu tangu aanze kuvaa glovu. Sensei (mwalimu wetu) akasema tuguse guse kidogo, kirafiki. Nikajiweka sawa, miguu ikakaa vizuri kabisa kama kwenye picha, na kabla sijapumua nimeshakula ngumi tatu za kushoto, zote puani. Dogo ananiomba radhi huku anaendelea kupiga!

Naomba mnaojua mnijibu kwa yaliyowakuta, siyo ya kusoma. Ilikuchukua muda gani mpaka ukasema sasa mchezo umeniingia?

Mzee wa Sanchin

Pole na pua, kijana wangu. Mimi nilianza miaka ya 1980, mchezo huo huo unaoucheza, ule alioufundisha hapa Dar Mmarekani mweusi Nantambu Camara Bomani. Zama zetu hakuna aliyeuliza mkanda. Mwaka wangu wa kwanza karibu wote uliishia kwenye kata moja, Sanchin; kata ni mfululizo wa hatua na mapigo yaliyopangwa, unaufanya peke yako. Hatua tatu mbele, unageuka, unapumua kwa tumbo. Sensei anapita nyuma yako anakupiga mabega kwa viganja viwili, paa! Ukiyumba, unaanza upya.

Vifaa tulijitengenezea. Chishi, ule uzito wenye mpini wa kukazia mikono, tuliipata kwa kumwaga zege kwenye kopo la rangi na kuchomeka mpini wa jembe. Vyungu tulivijaza mchanga, unavishika ukingoni kwa ncha za vidole na kutembea navyo uwanja mzima, na kila wiki mchanga unaongezwa. Mkanda mweusi niliufunga mwaka wa saba. Usiku ule nikajiona nimemaliza. Asubuhi yake senpai, mwanafunzi aliyenitangulia, akaniambia "shodan" kwa Kijapani ni daraja la mwanzo, kwa hiyo karibu shuleni. Nilinuna siku mbili.

Sasa unaniuliza niliiva lini? Mwaka wa kumi hivi. Nilikuwa nafundisha watoto, mmoja akarusha teke bila kuambiwa, mkono wangu ukashuka peke yake ukalipokea. Mimi nilikuwa naangalia upande mwingine, naongea na mzazi wake.

Chura wa Kinondoni

Dogo anaomba radhi huku anapiga 😂😂 Huyo ana adabu kuliko wengi humu.

Bi Mweleka

Assalamu alaikum. Mie ni wa judo, Unguja. Nilianza nikiwa skuli, na miezi miwili ya mwanzo sikumshika mtu. Kuanguka tu! Kwa nyuma, kwa ubavu, kwa kubiringika juu ya bega, unapiga mkeka kwa mkono mzima huku kidevu umekibana kifuani. Nikirudi nyumbani mama anauliza, "Leo mmejifunza nini?" Namjibu, kuanguka. "Na jana?" Kuanguka. Akaniambia hilo nilikuwa nalijua tangu nina mwaka mmoja.

Mwaka wa tatu, natoka sokoni Darajani mvua imenyesha, mkononi nina mfuko wa changu. Nikateleza kwenye ngazi za nyumba yetu, zile za mawe zilizolika katikati. Mguu ulikwenda huko, mie huku. Nilichosikia ni kiganja changu kinapiga sakafu, na kichwa kimebaki juu. Samaki wakatapakaa mpaka mlangoni kwa jirani, lakini mie nikainuka mzima. Jirani yangu mwengine aliteleza hapo hapo mwaka uliopita akavunja nyonga.

Basi mie nahesabu niliiva siku ile, na mkanda wangu ulikuwa bado wa buluu. Kumtupa mtu akanyanyuka kweli kweli, huyo mwenye kukataa kutupwa, ilikuja baadaye sana, kama mwaka wa sita. Watu wanadhani mikanda imeshuka na mchezo wenyewe. Mjapani Jigoro Kano alianzisha judo Tokyo mwaka 1882, mkanda mweusi ukaja miaka kadhaa baadaye, na hizi rangi rangi zilienea kutokea Ulaya.

Teke la Eastlands

Nairobi hapa, taekwondo. Yangu ni ya aibu kidogo. Klabu niliyoanzia, sitaitaja, ilikuwa na mtihani wa mkanda kila miezi mitatu, na kila mtihani una ada. Sijawahi kuona mtu akianguka. Ukilipa, umepita. Miaka miwili nikawa na mkanda mweusi, nimepiga picha, nyanya yangu ameiweka ukutani karibu na ya harusi yake.

Kisha nikaenda mashindano. Raundi ya kwanza, kijana mwembamba akazunguka mara moja, kisigino kikatua kwenye kofia yangu ya kinga. Sikuuona huo mguu ukiondoka chini. Nilibadilisha klabu, nikavaa mkanda mweupe kwa hiari yangu, na kocha mpya hakushangaa hata kidogo. Akasema wanaokuja hivyo ni wengi.

Kanuni za Kukkiwon, makao makuu ya taekwondo kule Korea, haziruki foleni: kutoka dan (daraja la mkanda mweusi) ya kwanza hadi ya pili unangoja angalau mwaka, ya pili hadi ya tatu miaka miwili, ya tatu hadi ya nne mitatu. Picha ya nyanya bado iko ukutani. Nimeshindwa kumwambia.

Msokoto

Mimi niko Uingereza, jiu-jitsu ya Brazili, mchezo wa kukabana chini. Huku miaka kumi kufika mkanda mweusi ni kawaida. Wapo vipaji kama Mmarekani B.J. Penn, aliyeupata ndani ya miaka minne na mwaka 2000 akawa bingwa wa dunia, lakini yule usijipime naye, utaumwa kichwa bure. Mwaka wangu wa kwanza nilikabwa na kila mtu, hadi dada mmoja wa kilo 55. Mimi nina 90.

Kona Nyekundu

Mleta mada, mimi nafundisha ngumi. Nikuulize: katika hizo siku tatu za wiki, unapigana na mtu anayetaka kukupiga kweli kwa muda gani?

Mkanda wa Kijani

Jumamosi tu mkuu, dakika 15 za mwisho.

Kona Nyekundu

Haya, tupige hesabu. Miaka mitatu, toa harusi zako na misiba, tuseme Jumamosi 100. Mara dakika 15, ni saa 25. Dogo wa miezi minane anakuja jimu siku tano kwa wiki, ni siku kama 170. Hata akipigana nusu saa tu kwa siku, ana saa 85. Kwenye ngumi za usoni, yeye ndiye mkubwa wako. Siyo kwamba karate yako ni mbovu. Umefanya kata nyingi, na kata hairudishi ngumi. Mwite dogo, mkae naye baada ya mazoezi.

Mzee wa Sanchin

Kata hairudishi ngumi? Ungepigwa mabega na sensei wetu ungejua. Ila kwa hesabu nakubali.

Mkanda wa Kijani

Wakuu, mrejesho. Nilimpigia dogo, na leo ni Jumamosi ya tatu tunabaki dojo nusu saa wenyewe. Anapiga ile ya kushoto tu, mimi kazi yangu kuipokea tu, sirudishi. Wiki ya kwanza zote ziliingia. Leo katika kila tano nimezuia mbili, na moja nimeizuia bila kukumbuka kwamba natakiwa kuizuia. Dogo naye ameomba nimfundishe Sanchin, anasema pumzi inamwishia raundi ya tatu.

Pua bado imevimba kidogo. Mke wangu ameshaacha kuuliza.